Kichwa cha kalamu ya mpingo: faida ipo, ila kwa hesabu

Kalamu za mbao zinazokerezwa kwa mkono zina wateja wake: makampuni yanayotafuta zawadi za mwisho wa mwaka, wazazi wakati wa mahafali, na watalii. Kikwazo ni kimoja. Mafundi wengi hutumia seti zilezile za vyuma zinazoagizwa kutoka nje. Bidhaa zikifanana, mnunuzi hubakiwa na jambo moja la kujadili, nalo ni bei.

Njia mojawapo ya kukwepa ushindani huo ni kubadili kichwa, yaani kifuniko kidogo cha juu kinachobana kishikizo cha mfukoni. Thamani ya sehemu hiyo inafahamika tangu zamani. Kampuni ya Montblanc ilianza kutumia nyota nyeupe kuwa nembo yake mwaka 1913, na nyota hiyo juu ya kifuniko humtambulisha mwenye kalamu hata ikiwa mfukoni. Fundi asiige nembo ya mtu, bali ajifunze mbinu.

Malighafi si tatizo. Kipande cha mpingo cha sentimita 2 kwa 2 kwa 13 kina uzito wa gramu 60 hivi. Kalamu nyembamba ya kawaida huchukua vijibomba viwili vya shaba vya milimita 53 kila kimoja, na mbao inayobaki juu yake baada ya kukerezwa haizidi gramu 6. Nyingine yote huwa maranda na masalia. Salio la milimita 15 hivi linatosha kutoa kichwa. Pembe ya ng'ombe nayo hufaa. Pembe za ndovu ziachwe kabisa, kwani biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989.

Gharama halisi ni muda. Tuseme fundi hutumia dakika 40 kwa kalamu moja na hupata faida ya shilingi 4,000. Kwa saa 8 atatoa kalamu 12 na kupata shilingi 48,000. Akiongeza dakika 15 za kichwa, atatoa kalamu 8 tu. Ili asipoteze, kila kalamu lazima impe faida ya shilingi 6,000. Asiyepandisha bei amejiongezea kazi na kujipunguzia kipato.

Nafuu ipo katika kutengeneza vichwa kwa mkupuo: kukata vingi kwa siku moja, kuvitoboa kwa kipimo kimoja, kuvigandisha kwenye viguu vya shaba, kisha kuvikereza mfululizo. Muda ukishuka hadi dakika 8 kwa kichwa, fundi hutoa kalamu 10, na nyongeza inayohitajika hushuka hadi shilingi 800.

Ubora usiachwe nyuma. Mpingo una mafuta, hivyo ufutwe kwa asetoni kabla ya kutiwa gundi. Kiguu kikilegea, kichwa hung'oka pamoja na kishikizo. Kikiwa kirefu mno, huweza kugusa mtambo wa kuzungushia wino. Kalamu moja ikirudishwa, faida ya kadhaa huondoka nayo.

Wanaolenga soko la nje wakumbuke kwamba mpingo uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES mwaka 2017. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliondoa masharti hayo kwa bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena moja. Kwa gramu 6 kila moja, hizo ni kalamu zaidi ya 1,500. Hata hivyo, stakabadhi za mbao zitunzwe, na ofisi za misitu ziulizwe kabla ya kusafirisha.

Mwenye mtaji mdogo aanze na kalamu 20: 10 za kawaida na 10 zenye kichwa maalumu, ziwekwe meza moja kwa bei tofauti. Zenye kichwa zikitoka kwa bei yake, mkupuo wa pili una msingi. Zikibaki mezani, hasara ni ya siku moja tu ya kazi.