Biashara ya televisheni: Kipindi kinachopendwa humbeba jirani

MUUZA ndimu aliyepata meza jirani na muuza samaki mwenye wateja wengi hahitaji kupiga kelele. Watu wanafuata samaki, wakigeuka wanakutana na ndimu zake. Lakini siku muuza samaki akihama, ndipo inapojulikana kama ndimu zilikuwa na wateja wake mwenyewe au zilikuwa zikiuzwa kwa mgongo wa samaki.

Vituo vya televisheni vinaendeshwa kwa hesabu hiyo hiyo, isipokuwa vyenyewe havipangi meza, vinapanga saa. Kituo hupata fedha kwa kuuza nafasi za matangazo, na bei ya nafasi hutegemea idadi ya watazamaji. Kwa kuwa mtu aliyekwisha kukaa mbele ya kituo kimoja huwa hana haraka ya kuhama, wapangaji wa ratiba hukiweka kipindi kipya nyuma ya kile kinachopendwa, ili kirithi watazamaji.

Marekani ndiko biashara hii ilikofanyiwa majaribio mengi. (Saa zinazotajwa hapa ni za mashariki mwa nchi hiyo.)

Aliyebebwa akasimama

Kipindi cha vichekesho cha Seinfeld kilianza mwaka 1989 katika shirika la NBC, na kwa miaka ya mwanzo hakikuwa na watazamaji wengi. Februari 1993 kilihamishiwa Alhamisi saa 3:30 usiku, mara tu baada ya Cheers, kipindi kilichokuwa kikipendwa mno. Watazamaji wakaongezeka kwa kasi. Cheers kilipomalizika Mei mwaka huo, Seinfeld kilichukua saa yake, na katika msimu wa 1994-95 kikashika nafasi ya kwanza nchi nzima.

Hali ilikuwa tofauti kwa Union Square. Septemba 1997 NBC ilikipa nafasi ambayo kila mtengenezaji wa vipindi angeitamani: Alhamisi saa 2:30 usiku, katikati ya Friends na Seinfeld. Kwa kubebwa huko kiliingia katika vipindi kumi vyenye watazamaji wengi zaidi msimu ule. Hata hivyo, Januari 1998 kilifutwa. Wengi waliokuja kwa ajili ya Friends hawakubaki kukiangalia, na nafasi yenye thamani kiasi kile haiwezi kuachiwa mtu anayepoteza wateja wa jirani.

Kiasi cha wateja wanaobaki kinaweza kuonekana katika tarehe 28 Januari 1996. Siku hiyo fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, ilitazamwa na watu wapatao milioni 94. Friends kilirushwa mara baada ya mchezo na kupata karibu milioni 53. Hiyo ndiyo idadi kubwa kuliko zote katika historia ya kipindi hicho, hata kuliko siku yake ya kuagana na watazamaji Mei 2004. Pamoja na hayo, ni sawa na kusema kwamba kwa kila watu 100 waliotazama mpira, walihesabiwa 56 tu baadaye.

Jirani mbovu huharibu soko

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba mambo haya yanaweza pia kwenda kinyume. Kipindi dhaifu humwachia anayefuata ukumbi mtupu.

Kwa miaka 15 saa nne usiku ya Alhamisi ilikuwa ya ER, mchezo wa kuigiza wa hospitali uliokuwa na mashabiki wengi, ambao ulimalizika Aprili 2009. Septemba mwaka huo NBC ilimweka mchekeshaji Jay Leno saa nne usiku kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Sababu ilikuwa fedha: mazungumzo na vichekesho vya ukumbini hugharimu kidogo kuliko mchezo wa kuigiza. Kwa NBC, hata watazamaji wakipungua, hesabu ingelipa.

Tatizo ni kwamba mzigo haukuwa wa NBC peke yake. Vipindi vya shirika hilo hurushwa na vituo zaidi ya 200 vya miji mbalimbali, vingi vikiwa mali ya kampuni nyingine. Saa tano usiku kila kituo husoma habari za mji wake, na matangazo ya saa hiyo ni pato lake mwenyewe. Hilo ndilo shamba linalolipa mishahara.

Kituo cha WHDH cha Boston kiliona hatari mapema. Aprili 2009 kilitangaza kuwa hakitamwonyesha Leno bali kitaweka habari zake saa nne. NBC ikatishia kukinyang'anya haki ya kurusha vipindi vyake, kikasalimu amri.

Hadi Novemba vipimo vilionyesha kuwa habari za saa tano zimepoteza watazamaji katika miji mingi. Wenye vituo wakaja juu. Januari 2010 NBC ilitangaza kumwondoa Leno saa nne, na kipindi kikafikia kikomo tarehe 9 Februari. Shirika lilipotaka kumrudisha baada ya habari, Conan O'Brien aliyekuwa na saa hizo alikataa kusogezwa. Akaondoka na fidia iliyoripotiwa kufikia takriban dola milioni 45, yeye na wafanyakazi wake. Akiba iliyotafutwa kwa kipindi rahisi iliishia kuwa gharama.

Mfanyabiashara ajifunze nini?

Rimoti, simu na intaneti vimepunguza nguvu ya kubebwa, kwa kuwa mtazamaji wa leo anachagua atakacho kwa saa aitakayo. Lakini kwa anayelipia tangazo la mbegu, pembejeo au duka lake redioni au kwenye televisheni, swali ni lile lile. Usiulize tu tangazo litasomwa saa ngapi. Uliza linafuata nini, na wanaosikiliza hicho kinachotangulia ni watu wa aina gani. Mashabiki wa mpira hawatabaki kusikiliza habari za chakula cha kuku kwa sababu tu redio iko wazi.

Kwa mwenye meza au kibanda, kipimo ni rahisi zaidi. Andika mauzo ya siku ambazo jirani yako maarufu hakufungua, uyalinganishe na ya siku za kawaida. Tofauti utakayoiona ndiyo sehemu ya biashara yako ambayo ni ya kuazima. Kuazima si kosa, Seinfeld nacho kiliazima. Ila wakati jirani bado yupo, hakikisha mteja aliyefuata samaki anaondoka akiwa anajua ndimu nzuri zinapatikana kwa nani.