Nyumba za Sinema za Torino: Namna Zilivyojaa, Zilivyofungwa, na Zinavyoishi Leo



Wengi kati yetu wanajua jina la Torino juu ya mpira, maana Juventus iko ya pale. Wengine wanalijua juu ya magari ya FIAT. Lakini mji huu wa Italia ya kaskazini uko na habari nyingine, habari ya sinema. Tumeona vizuri kuieleza hapa, kwa sababu ndani yake mna jambo moja lenye kugusa kila mahali watu wengi wanapokusanyika.

1. Mwanzo

Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao zenye kutembea mbele ya watu wenye kulipa kule Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Mwaka uliofuata, 1896, mashini yao ilifika Torino, ikaonyeshwa katika barabara ya Via Po. Wakati ule nyumba ya sinema haikuwako. Filme moja ilimalizika kwa dakika moja hivi, basi chumba cha kukodi kilitosha. Watu waliingia, wakashangaa, wakatoka.

Kisha watu wa Torino hawakukaa bure kutazama kazi ya wengine. Wakaanza kutengeneza filme wenyewe. Mbele ya vita kuu ya kwanza, mji huu ulikuwa moja ya miji mikubwa ya sinema katika Ulaya. Mwaka 1914 Giovanni Pastrone alitoa filme Cabiria, yenye kuonyesha vita vya Roma na Kartago. Mtumwa mwenye nguvu, Maciste, anaonyeshwa kuwa mtu mweusi. Kumbe mchezaji wake, Bartolomeo Pagano, alikuwa mzungu, mbeba mizigo wa bandari ya Genova, aliyepakwa rangi!

Filme ya namna hii ilipita saa mbili. Nani atasimama saa mbili katika chumba kidogo? Ikaonyeshwa mara ya kwanza tarehe 18 Aprili 1914 katika teatro kubwa, Vittorio Emanuele. Hapo tunaelewa juu ya nini nyumba za sinema zilijengwa: filme zilipokuwa ndefu, watu walihitaji viti, paa na nafasi. Mwaka 1934, katikati ya mji, ukafunguliwa ukumbi mzuri ulioitwa Rex, na baadaye jina lake likawa Lux.

2. Namna kazi ilivyokwenda

Nyumba hizi hazikuwa sawa. Filme mpya ilianza katika kumbi za katikati ya mji, zenye viti vizuri na tikiti ya bei kali. Waitaliano waliziita nyumba za mtazamo wa kwanza. Nyuma ya majuma, filme ile ile ilishuka kwa nyumba za mtazamo wa pili, kisha za tatu, kule kwenye kartie za wafanyakazi. Kule bei ilikuwa ndogo, lakini filme ilikuwa imechoka, yenye mikwaruzo na kukatika-katika. Maparokia nayo yalikuwa na kumbi zao. Mwenye haraka alilipa mingi, mwenye makuta kidogo alingoja, lakini mwisho wote waliona.

Nyuma ya vita ya pili sinema ilijaa kabisa. Mwaka 1955 katika Italia nzima ziliuzwa tikiti karibu milioni 819. Nyumbani kwa watu wengi palikuwa baridi na padogo, na sinema ilikuwa joto, mwanga na wenzako.

3. Televizio inaingia

Tarehe 3 Januari 1954 televizio ya Italia, RAI, ilianza kuonyesha vipindi kila siku. Mwisho wa mwaka 1955 ikaanza mchezo wa maswali wenye jina Lascia o raddoppia?, maana yake acha ao uzidishe mara mbili. Ulionyeshwa siku ya posho jioni, na wenye sinema wakalia kwamba kumbi zinabaki tupu siku yao nzuri. Mchezo ukahamishwa kwenda siku ya ine. Hapo wengine kati yao wakatumia akili: siku ya ine wakasimamisha filme, wakaweka televizio ndani ya ukumbi, na watu wakalipa kutazama mchezo!

Lakini akili ile haikutosha siku zote. Familia zilinunua televizio zao. Tangu mwaka 1976 stesheni za watu binafsi zikapata ruhusa, na filme zikaonyeshwa nyumbani kila usiku. Kumbi za kartie zikafungwa moja moja. Zingine zikawa duka ao gereji, na zingine zikaonyesha filme za aibu kusudi zisife.

4. Siku ya Yenga, tarehe 13 Februari 1983

Sasa tunafika pahali pa uchungu. Jioni ile, katika sinema Statuto ya Torino, watu walikuwa wanatazama filme ya kuchekesha ya Wafaransa, La Chèvre. Moto ulishika pazia chini, karibu na njia ya kuingilia. Milango ya kutokea wakati wa hatari ilikuwako, lakini karibu yote ilikuwa imefungwa, kusudi wasioingia kwa tikiti wasipite humo. Taa za ukumbi hazikuwashwa upesi. Viti na mapazia vilipoungua vilitoa moshi wenye sumu, na moshi ulipanda juu kwenye roshani. Watu 64 walikufa. Wengi wao hawakuguswa na moto hata kidogo, moshi ndio uliowaua.

Wasomaji watauliza: ukumbi haukuwa na ruhusa? Ulikuwa nayo. Karatasi zake zilikuwa sawa. Lakini karatasi haifungui mlango. Aliyefunga alihesabu tikiti chache ambazo zingepotea, hakuhesabu watu.

Mwezi wa Julai wa mwaka ule ule, serikali ya Italia ilitoa amri mpya juu ya vitambaa na vifaa vya ndani ya teatro na sinema, namna vinavyopaswa kujilinda na moto. Kumbi nyingi zilishindwa na garama ya kutengeneza, zikafungwa kwa siku zote. Statuto yenyewe ilibomolewa, na pahali pake wakajenga nyumba za kukaa watu.

5. Leo

Sinema za Torino hazikufa. Kumbi kubwa ziligawanywa kuwa vyumba vidogo, ili filme mbili ao tatu zionyeshwe pamoja. Tangu mwaka 1982 mji uko na festivali ya filme, iliyoanza kwa jina la sinema ya vijana. Hata katika Lingotto, kiwanda cha zamani cha FIAT, waliweka kumbi za sinema.

Tena kuna mama mmoja wa kukumbukwa, Maria Adriana Prolo. Mwaka 1941, katikati ya vita, aliwaza kukusanya mashini za zamani, picha na karatasi za sinema ambazo wengine walizitupa. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1958. Tangu mwaka 2000 yako ndani ya Mole Antonelliana, nyumba ndefu ya metre 167, ambayo mwanzo ilijengwa ili iwe sinagogi. Makumbusho hayo yako pia na sinema yake, Massimo, yenye vyumba vitatu.

Hata hivyo mambo ni magumu. Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid ulifunga sinema zote za Italia. Mwaka 2023 tikiti zilizouzwa katika inchi nzima zilikuwa karibu milioni 70 tu. Linganisheni na zile milioni 819.

6. Tunapata nini hapo?

Televizio iliwaondoa watu polepole, na dawa ilipatikana: vyumba vidogo, festivali, makumbusho. Lakini wale 64 wa Statuto hakuna chumba kidogo cha kuwarudishia. Ukumbi wa watu wengi unahesabiwa kwanza kwa milango yake, kisha kwa uzuri wake.

Basi, siku tunapokusanyika kwa filme, kwa koralé ao kwa mtihani, tunaomba kwa heshima: walimu waache mlango wa pili bila kufuli, nasi wanafunzi tusiweke mabenchi mbele yake. Anayetaka kuzuia wasiolipa, asimamishe mtu pale mlangoni. Mtu anaweza kusogea mbio, kufuli haiwezi.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita
kwa jina la kamati