Lindo Halibaki Wazi

Askari mwema haondoki lindoni kabla ya kupokewa. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala mitambo ya kompyuta itoayo huduma usiku na mchana. Hapa Rwanda, mwananchi anayejiandikisha kwa mtihani wa udereva wa Polisi hupitia mfumo wa Irembo. Mfumo wa namna hiyo ukizimika, shughuli za watu wengi husimama.

Dawa yake ni kuunganisha kompyuta kadhaa zifanye kazi kama kikosi kimoja. Kila moja hupeleka ishara kwa nyingine kwamba ingali hai. Ishara zikikatika, nyingine hushika zamu.

Hata hivyo, hatari kubwa si mtambo kufa, bali ni mawasiliano kukatika. Mitambo miwili mizima, kila mmoja ukidhani mwingine umekufa, huweza kuandika kumbukumbu zinazopingana. Kikosi chenye makamanda wawili hakina amri. Kwa sababu hiyo, programu ya Pacemaker huweza kuamriwa kwamba upande wenye akidi ndio utawale, na mtambo unaoshukiwa uzimwe kwanza, ndipo mwingine ushike zamu. Mwaka 2018, toleo la 3 la Corosync, programu inayopeleka ishara hizo, lilileta uwezo wa kuzipitisha katika njia hadi 8.

Lakini akiba isiyojaribiwa si akiba. Kikosi hufanya mazoezi wakati wa amani; na mitambo nayo ijaribiwe kabla ya siku ya dhiki.