Je, Wajua? Jeshi Lenye Bia, Laini za Simu na Robo ya Bunge

Sogea kidogo kwenye benchi, mwenzangu, nami nikae. Leo tunakwenda Myanmar, ile Burma ambayo wazee wetu wa keya walikuwa wakiisimulia. Huko jeshi halina tabia ya kungoja matokeo ya uchaguzi. Linaanza kuhesabu mapema: bungeni, benki, kiwandani, hata kwenye chupa ya bia. Vidole vyako vya kuhesabia viko tayari? Haya, twende!

Je, wajua kuwa vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa walipigana huko? Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha faru, iliwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, mvua ikinyesha na matope yakifika magotini. Na ukipita Nairobi leo, utakuta soko linaitwa Burma.

Je, wajua ni nani aliyeliasisi jeshi la nchi hiyo? Ni Aung San, aliyeuawa kwa risasi tarehe 19 Julai 1947 akiwa na miaka 32 tu. Alimwacha binti wa miaka 2, Aung San Suu Kyi. Sasa sikia: jeshi hilohilo la baba ndilo lililomfungia binti nyumbani kwake, jumla ya miaka kama 15 kati ya 1989 na 2010!

Je, wajua kuwa biashara za jeshi hilo zilianza na duka? Mwaka 1951 wakubwa wa jeshi walianzisha taasisi ya kuwauzia askari bidhaa kwa bei nafuu. Haikupita miaka kumi, duka likawa limezaa benki, meli za mizigo na duka kubwa la fahari katikati ya Yangon. Duka la sabuni, hilo!

Unajua mara ya kwanza jeshi kushika serikali waliingiaje? Waliombwa! Mwaka 1958 Waziri Mkuu U Nu alimkabidhi nchi Jenerali Ne Win aitunze hadi uchaguzi. Uchaguzi ukaja 1960, wanajeshi wakiwa na upande wao wanaoupenda, na wananchi wakamrudisha U Nu kwa kishindo.

Je, wajua kurudi huko kulidumu muda gani? Miaka miwili hivi. Tarehe 2 Machi 1962 Ne Win alirudi, safari hii bila kuombwa, akatangaza ujamaa wa Kiburma, miaka mitano kabla ya Azimio letu la Arusha. Uchaguzi wa vyama vingi ukasubiri hadi 1990. Hesabu mwenyewe: miaka 30!

Je, wajua kuwa nchi hiyo iliwahi kuwa na noti ya 75? Ilitoka mwaka 1985, mwaka ambao Ne Win alitimiza miaka 75. Wewe siku yako ya kuzaliwa ulipewa nini?

Subiri, haijaisha! Septemba 1987 serikali ilifuta noti za 25, 35 na 75 bila kumlipa mtu hata senti. Aliyeficha akiba chini ya godoro aliamka na karatasi. Badala yake zikaja noti za 45 na za 90, kwa sababu zote zinagawanyika kwa 9, namba aliyoiamini mzee.

Hebu sasa cheza na hizo tisa. Jeshi lilitwaa madaraka tena tarehe 18 Septemba 1988: moja na nane ni tisa, na Septemba ni mwezi wa tisa. Uchaguzi ukawekwa tarehe 27 Mei 1990: mbili na saba, ngapi? Umeona!

Je, wajua kuwa tisa zote hizo hazikuwasaidia? Katika uchaguzi huo chama cha Suu Kyi, NLD, kilipata viti 392 kati ya 485 vilivyogombewa. Chama kilichotokana na kile cha Ne Win kiliambulia 10. Mama mwenyewe alikuwa kafungiwa nyumbani, na majenerali wakakataa kukabidhi nchi.

Je, wajua kuwa nyuma kidogo, mwaka 1970, Ne Win akiwa madarakani, nchi nzima ilihamishwa upande wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia? Tatizo ni magari. Kwa miaka mingi waliendelea kuagiza mitumba ya Kijapani yenye usukani kulia, kama hii tunayopanda sisi. Abiria wa basi akawa anashukia katikati ya barabara!

Wewe unaijua safari ya kuhamia Dodoma, ilivyochukua miaka na miaka. Je, wajua majenerali wa Myanmar walihamaje? Tarehe 6 Novemba 2005, saa 12:37 asubuhi, misafara ya serikali iliondoka Yangon kwenda mji mpya uliokuwa bado unajengwa, kilomita 320 hivi kaskazini. Mji ukaitwa Naypyidaw, makao ya wafalme.

Na barabara inayopita mbele ya bunge la mji huo? Ina njia 20. Siku nyingi unaweza kutandika mkeka katikati ukanywa chai.

Je, wajua kuwa kura ya maoni ya katiba yao ilipigwa watu wakiwa bado wanatafuta maiti? Kimbunga Nargis kilipiga tarehe 2 Mei 2008, kikaua au kupoteza watu wapatao 138,000. Siku nane baadaye, tarehe 10 Mei, kura ikaendelea katika sehemu kubwa ya nchi, na waliokumbwa zaidi wakapewa wiki mbili za ziada. Serikali ikatangaza kuwa zaidi ya asilimia 92 wamesema ndiyo.

Walisema ndiyo kwa kitu gani hasa? Shika hii: bunge lina viti 664, na viti 166 ni vya wanajeshi walioteuliwa na mkuu wa majeshi. Hawapigiwi kampeni, hawachapishi fulana, hawaombi kura kwa bibi yeyote. Wanaingia na magwanda yao ya kijani na kuketi.

Sasa hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kubadili vipengele vizito vya katiba hiyo kunataka zaidi ya asilimia 75 ya wabunge, yaani watu 499. Wabunge wa kuchaguliwa wote, ukiwakusanya hadi wa mwisho, ni 498. Amepungua mmoja! Na huyo mmoja amevaa gwanda.

Je, wajua chama rafiki wa jeshi kinahitaji viti vingapi kumpata rais? Wingi wa kura bungeni ni 333. Wanajeshi tayari wanazo 166, kwa hiyo wao wanatafuta 167 tu. Wengine wote wanazitafuta 333 kutoka kwenye viti 498 vilivyobaki. Mbio hizo ungekubali kukimbia wewe?

Hata wakishindwa hawatoki mikono mitupu. Wabunge wa jeshi wanapendekeza jina la mtu wao kwenye urais, na akikosa urais anakuwa makamu wa rais. Mkuu wa majeshi naye ndiye anayetoa majina ya mawaziri watatu: ulinzi, mambo ya ndani na mipaka. Polisi wako kwa nani? Mambo ya ndani!

Je, wajua kuwa katiba hiyo inachungulia hadi ndoa yako? Ukiwa na mume, mke au mtoto mwenye uraia wa kigeni, huwezi kuwa rais. Suu Kyi aliolewa na Mwingereza, na wanawe wawili ni raia wa nje. Sadfa, au siyo?

Je, wajua kuwa walibadili bendera siku 17 tu kabla ya uchaguzi wa 2010? Ilikuwa tarehe 21 Oktoba. Iliripotiwa kuwa amri ilitaka bendera ya zamani ishushwe na mtu aliyezaliwa Jumanne, na mpya ipandishwe na aliyezaliwa Jumatano. Wewe ulizaliwa siku gani? Kamuulize mama!

Mwaka huohuo wa uchaguzi serikali ya kijeshi iliuza mali za umma kwa mamia: vituo vya mafuta, majengo, bandari. Nyingi zilienda kwa matajiri waliokuwa karibu na majenerali. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini huko kilijua na njia ya kwenda.

Na chama chao kilitoka wapi? Mwaka 1993 jeshi liliunda jumuiya ya wananchi wazalendo, na wafanyakazi wengi wa serikali wakajikuta wanachama. Mwaka 2010 jumuiya ikageuzwa chama, USDP, kikarithi ofisi na mali zake zote. NLD ilisusia, USDP ikazoa zaidi ya robo tatu ya viti vilivyogombewa.

Tuje mfukoni. Je, wajua kuwa bia inayoitwa Myanmar ilikuwa ya jeshi? Kampuni hodhi ya jeshi, MEHL, ilikuwa mshirika katika kiwanda hicho, na kiwanda kilishika karibu asilimia 80 ya soko. Mwaka 2015 kampuni ya Kirin ya Japani ilitoa dola milioni 560 kununua asilimia 55 ya kiwanda. Raia akigonga glasi, gawio linaelekea kambini!

Je, wajua wenye hisa wa MEHL ni kina nani? Ni wanajeshi walio kazini, wastaafu na vikosi vyenyewe. Nyaraka zilizotolewa hadharani na Amnesty International mwaka 2020 zilionyesha wenye hisa zaidi ya 380,000, na vikosi na taasisi za kijeshi 1,803.

Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walipozihesabu kampuni za MEHL na mwenzake MEC mwaka 2019 walipata zaidi ya 100. Zimo saruji, bima, benki, utalii na machimbo ya yakuti. Ungeamka asubuhi Yangon, hadi ulale ungekuwa umewaungisha mara ngapi?

Na jade, lile jiwe la kijani? Shirika la Global Witness lilikadiria kuwa biashara yake mwaka 2014 ilifika hadi dola bilioni 31, karibu nusu ya pato la nchi nzima. Kampuni za jeshi na jamaa za majenerali zilikuwa mstari wa mbele machimboni.

Je, wajua kuwa laini ya simu huko iliwahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 1,000? Laini tu, simu hujanunua! Mwaka 2014 kampuni za nje ziliporuhusiwa, bei ikaporomoka hadi dola moja na nusu.

Jeshi halikukubali kupitwa. Mwaka 2018 ulizinduliwa mtandao wa Mytel, wenye hisa za kampuni ya jeshi la Myanmar pamoja na Viettel, kampuni ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Viettel unaijua, ila hujui kama unaijua: ndiyo mama wa Halotel ya Tanzania na Lumitel ya Burundi!

Je, wajua mwaka 2015 wapiga kura walifanyaje? Waliipa NLD viti 390, zaidi ya ile 333 niliyokuambia ushike. Suu Kyi kakatazwa urais, basi bunge likamtungia cheo kipya cha Mshauri wa Taifa. Mwenyewe alishasema atakuwa juu ya rais!

Novemba 2020 wakapiga tena: NLD 396, chama cha jeshi 33. Chukua 33, ongeza wale 166 wa magwanda, unapata 199. Bado mbali sana na 333! Kwa mara nyingine hesabu ya jeshi iligoma kabisa kutoka.

Je, wajua mapinduzi yalifanyika siku gani? Tarehe 1 Februari 2021, siku ileile bunge jipya lilipotakiwa kukutana. Jeshi lilidai kura zimechakachuliwa, lakini waangalizi hawakuona ushahidi wa madai hayo. Na mkuu wa majeshi Min Aung Hlaing alikuwa amebakiza miezi mitano tu kufika miaka 65, umri wa kustaafu.

Wananchi walijibuje? Saa 2 usiku waligonga masufuria madirishani, kama desturi yao ya kufukuza mashetani. Bia ya Myanmar ikasusiwa, chupa zikamwagwa mtaroni. Kirin ikatangaza kuuvunja ushirika ndani ya siku chache, ikaondoka kabisa 2023.

Je, wajua masharti ya mchezo yalivyobadilishwa kabla ya uchaguzi uliofuata? Sheria ya Januari 2023 ilikitaka chama cha kitaifa kipate wanachama 100,000 ndani ya siku 90. Miezi miwili baadaye vyama 40 vikafutwa, NLD ikiwemo. Suu Kyi alikuwa kifungoni, miaka 33 iliyopunguzwa hadi 27.

Na awamu ya kwanza ya uchaguzi huo ikapangwa tarehe 28 Desemba 2025. Miezi mitano kabla, ilitoka sheria ya kuulinda: kuupinga au kuuvuruga ni kifungo cha kuanzia miaka 3, na mtu akifa katika vurugu, adhabu inaweza kufika kunyongwa. Uchaguzi wenye mlinzi mkali kuliko benki!

Usiinuke bado, nimekubakizia moja. Aprili 2012 kulikuwa na uchaguzi mdogo, na NLD ikashinda viti 43 kati ya 44 ilivyogombea. Vinne kati ya hivyo vilikuwa Naypyidaw, ule mji wa majenerali, wenye njia 20 na nyumba za watumishi wao. Ilishinda vyote vinne! Waliwajengea nyumba, wakawapa kazi, wakawahesabu mmoja mmoja. Ndani ya kile kibanda cha kura hawakuingia nao.