Bahari ya Lita 400 na Usiku wa Umeme Kukatika

Saa saba usiku niliamshwa na mlango. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa amesimama kwenye ngazi, khanga kifuani, ndoo mkononi, na hakupoteza muda kwa salamu. "Jirani, dari yangu inanyesha." Umeme ulikuwa umekatika kama nusu saa kabla. Tangi langu la samaki wa baharini, lile nililokuwa nikimsifia kila mgeni, lilikuwa limemwaga zaidi ya lita 50 za maji ya chumvi sakafuni, zulia likiyanywa na zege likiyapitisha.

Wanaoniomba ushauri wa kujenga akwariamu ya baharini nyumbani karibu wote huanza na samaki. Wanamtaka yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe waliyemwona kwenye katuni. Mimi siku hizi huanza na usiku ule. Nawauliza: umeme ukikatika sasa hivi, maji yatakwenda wapi? Joto litafika nyuzi ngapi kesho mchana? Samaki watavuta hewa ipi? Mtu akiyajibu hayo kwenye karatasi, tangi lake limeshajichora lenyewe kwa sehemu kubwa.

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyoniaibisha. Tangi la siku hizi lina ghorofa mbili. Juu liko la kutazamwa. Chini, ndani ya kabati, liko tangi la pili la kazi, ambamo hukaa pampu, vichujio na kila kitu kisichopendeza macho. Pembeni mwa tangi la juu fundi hujenga chumba chembamba cha kioo chenye meno kama ya kitana. Maji yakifika kwenye meno humwagikia humo, hushuka kwa bomba, na pampu huyarudisha juu kwa bomba jingine. Pampu ikizimika, maji yaliyozidi usawa wa meno humalizikia chini, nayo ni machache. Hatari iko kwenye bomba la kurudisha. Mdomo wake ukiwa umezama, bomba hugeuka mrija uleule wa kunyonyea petroli kwenye gari: hunyonya maji kuelekea chini, wala haliachi mpaka mdomo upate hewa.

Mdomo wangu ulikuwa umezama sentimita 12. Uso wa tangi ni sentimita 120 kwa 60, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 7.2. Mara 12, lita 86. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 30 tu, na zilizobaki ndizo alizopokea jirani. Fundi alikuwa ameniwekea valvu ya njia moja, na siku ya kwanza ilishika barabara. Miezi miwili baadaye konokono asiyezidi punje ya mchele alikuwa amejikalia kwenye kifuniko chake. Tangu hapo siiamini valvu yoyote inayokaa ndani ya maji ya bahari. Mdomo wa bomba uzame sentimita 2 na si zaidi, au litobolewe kitundu kidogo chini kidogo tu ya uso wa maji ili livute hewa mapema, na tangi la chini liachiwe nafasi ya lita 40 tupu muda wote. Kisha, kabla ya samaki yeyote kuingia, zima swichi kuu mwenyewe, mchana kweupe, ukae na rula utazame.

Uzito nao huwashtua wengi. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025, kwa hiyo lita 400 za juu na chini ni kilo 410. Ongeza vioo, karibu kilo 100, kisha mawe, mchanga na kabati: unakaribia kilo 600, yaani magunia sita ya mahindi (yasiyo ya lumbesa) juu ya eneo la kitanda cha mtoto mchanga. Mwenye nyumba ya chini, sakafu ya zege juu ya kifusi kilichoshindiliwa, alale usingizi. Wa ghorofani alisogeze tangi ukutani, pale penye mhimili chini yake, baada ya kumwita mhandisi apatazame. Sakafu nyingi za makazi husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, na tangi hili linaweka zaidi ya 800. Zege halitapasuka siku hiyohiyo, maana mzigo husambaa kwenye nondo na mihimili, lakini hilo si jambo la kukisia.

Kwenye vioo kuna kosa moja ambalo mafundi wetu, hodari wa madirisha na kabati za maduka, hulifanya mara kwa mara: hupanga unene wa kioo kwa kutazama ukubwa wa tangi. Maji husukuma kwa kina chake. Kioo cha mbele chenye urefu wa sentimita 120 na kimo cha 50 husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150 hivi. Inua kimo hadi sentimita 70, nguvu inafika kilo 300. Lakini upana kutoka mbele hadi nyuma haubadilishi kitu. Hata kama nyuma ya kioo hicho kungekuwa na Bahari ya Hindi nzima, msukumo ungekuwa uleule kwa kina kilekile. Ndiyo maana nawashauri watu wapende upana kuliko kimo. Samaki hupata mahali pa kuogelea, mkono wako hufika chini bila kulowanisha kwapa, na kioo cha milimita 12 kinatosha kwa kimo cha 50 hadi 60. Matundu ya mabomba yatobolewe kwenye kioo cha kawaida. Kioo kilichokwisha kupashwa moto ili kiwe kigumu kikiguswa na keekee husambaratika chote kama sukari. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, na iachwe wiki nzima ikauke. Halafu weka tangi nje uani, juu ya kabati lake, likiwa limepimwa kwa pimamaji, ulijaze maji ya bomba kwa siku tatu.

Joto ndilo adui wa pwani. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo hutumia kurasa nyingi kueleza vipasha maji. Sebule ya Dar au Mombasa mwezi wa Februari ina nyuzi 31 au 32 bila msaada wa mtu, na umeme wa pampu na taa huongeza joto ndani ya maji. Matumbawe hupenda nyuzi 24 hadi 27. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi magharibi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi kuanzia Kenya hadi Shelisheli yalipauka na kufa, na hayo yalikuwa kwenye bahari yenyewe, sembuse kwenye kabati.

Dawa ya bei nafuu ni feni. Lita 1 ya maji inayogeuka mvuke hubeba joto la kutosha kupoza lita 400 kwa karibu nyuzi 1.5. Feni mbili ndogo za kompyuta zikipuliza juu ya uso wa maji huweza kuvukiza lita 4 kwa siku. Kwa hiyo usifunike tangi kwa kioo. Weka wavu, kwa kuwa samaki hurukaruka. Tatizo la pwani ni kwamba hewa yenyewe imeshiba unyevu, hivyo siku za joto la kunata feni huchoka mapema. Hapo utahitaji ama mashine ya kupozea maji, ambayo bei yake inauma, ama chumba chenye kiyoyozi. Tangi la kwanza lifanye la samaki peke yake, wanaovumilia nyuzi 28 au 29 vizuri kuliko matumbawe.

Hizo lita 4 zilizovukizwa ndizo huwaponza waangalifu. Maji yamepungua, mtu anachukua dumu la maji ya bahari anajazia. Ni jambo la kawaida kufikiri hivyo, ila mvuke hauchukui chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo lita 400 zina kilo 14. Ukijazia kwa maji ya bahari unaongeza gramu 140 kila siku, zaidi ya kilo 4 kwa mwezi, na mwezi ukiisha samaki wako wako kwenye gramu 45 kwa lita. Upungufu wa mvuke hujaziwa maji matamu, yaliyochujwa, na kazi hiyo hufanywa vizuri sana na boya dogo kama la tangi la choo.

Anayeishi pwani ana bahati ya kupata maji bure. Nayachota wakati wa bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, maji yakiwa yamejaa kabisa. Pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku hizo, na maji ya kujaa yanatoka bahari kuu. Sichoti wakati wa masika, wala karibu na mdomo wa mto kama Msimbazi. Madumu 20 ya lita 20 yanatosha kuanzia, yakae gizani wiki mbili kisha yachujwe kwa kitambaa. Wa Nairobi, Arusha au Kigali atanunua chumvi ya akwariamu, kilo 14 au 15 kwa kiasi hiki, aichanganye na maji yaliyopita kwenye mashine ya osmosisi. Maji ya Arusha, kwa mfano, yana floridi nyingi. Chumvi ya jikoni isifikiriwe hata kidogo. Bahari ina magnesi miligramu 1,300 hivi kwa lita na kalsi miligramu 400 na kitu, na pakiti ya dukani haina hayo.

Sasa hewa. Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe madogo kutoka Torquay akayapeleka nyumbani kwake London. Hakuwa na pampu. Mtumishi wake alikuwa akiyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, siku baada ya siku, na matumbawe yale yakaishi karibu miaka mitatu. (Jina la mtumishi, kama kawaida, halitajwi sana.) Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo umeme ukikatika usiku wa joto samaki wana saa chache tu. Pampu ndogo ya hewa yenye betri, inayojiwasha umeme unapozimika, ni kifaa cha kwanza kununua, kabla ya taa nzuri. Mwenye uwezo aongeze inveta kwa ajili ya pampu ya kurudisha maji peke yake. Taa na feni zisubiri.

Tangi likishajaa na kuzunguka, acha liive. Mawe ya chokaa yenye vitundu, jamaa wa yale yaliyojenga Mji Mkongwe, hufaa sana, mradi yatoke machimboni na yasiwe na masalia ya chokaa ya ujenzi. Katika vitundu hivyo ndimo bakteria hukaa. Tumbukiza kamba mmoja wa soko la Feri aoze humo: atatoa amonia, kundi moja la bakteria litaigeuza nitriti, jingine litaigeuza nitrati, isiyo na sumu kali. Hesabu wiki nne hadi sita. Amonia ni mbaya zaidi kwenye maji ya bahari kuliko kwenye maji matamu mengi, kwa sababu maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.3 na hapo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo lenye sumu. Uchafu mwingine utaondolewa na mashine ya povu, inayofanya kwa viputo vidogo kile ambacho mawimbi ya kusi hufanya ufukweni: povu la kahawia hupanda, unalimwaga.

Kuhusu samaki nitasema machache. Kangaja wa buluu ni mzuri mno, lakini hufikia sentimita 20 na zaidi, na ndiye wa kwanza kuota vidonda vyeupe. Chewa mdogo atakuwa chewa mkubwa. Yeyote anayeingia akae kwanza wiki nne kwenye tangi la pembeni. Kukusanya samaki wa mapambo kunataka leseni, Tanzania na Kenya pia. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, karibu na Dar, ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe magumu, farasi wa bahari na kombe wakubwa wako chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe, kwa hiyo hawasafirishwi kiholela. Muulize muuzaji samaki wake wametoka wapi. Akibabaika, ondoka.

Kwangu wamo Amphiprion wawili, wale wanaoishi kwenye anemoni. Mkubwa ni jike. Akifa, dume aliyebaki atageuka jike, kisha atatafuta mwenza mdogo. Wana mwaka wa tatu sasa. Jirani wa chini hupanda Jumapili moja moja na wajukuu kuwatazama. Ila umeme ukikatika usiku, simu yangu huita kabla sijapata kiberiti. "Jirani," husema, "leo yanakuja au hayaji?"