Asumini Kwenye Baridi ya Daudi

Mwenyeji wa visiwani ambaye kazi au ndoa imempeleka Daudi, wilayani Mbulu, aghalabu huvuka bahari na vijiti vya mwasumini vilivyofungwa katika kitambaa kibichi. Hatumcheki. Ua litiwalo katika kikuba na kutandazwa kitandani mwa arusi ni sehemu ya heshima ya nyumba yake. Lakini Juni ikifika majani hugeuka manjano, vitumba hudondoka, na majirani hunena kwamba udongo wa huko haupendi maua. Udongo wasingiziwa.

Daudi imo katika nyanda za juu za Mbulu, ambazo sehemu yake kubwa yazidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, kila tupandapo mita 1,000 joto hupungua nyuzi zipatazo 6 za Selsiasi. Isitoshe, usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Mimea ya pwani haingoji maji yagande ndipo iumie; mingi hudumaa joto likishuka chini ya nyuzi 10. Mlangilangi hatushauri mtu ajitaabishe nao. Bogenvilia ni mvumilivu zaidi: huweza kupukutisha majani, kisha ikachipua.

Jambo lililo mikononi mwa viongozi ni majira. Visiwani tumezoea kupanda masika, na ratiba za kupamba ofisi na shule mara nyingi hufuata hesabu hiyo hiyo. Kichaka kilichopandwa Daudi mwezi Aprili hukutwa na kipupwe kingali kichanga, mizizi haijashika. Kikipandwa mvua zianzapo, Novemba au Desemba, hupata miezi sita ya kukomaa. Miche inayokufa kila mwaka ilinunuliwa kwa fedha ya umma, na afisa aagizaye mingine mwezi ule ule hana budi kuulizwa. TANU ilipotoa tamko la Siasa ni Kilimo mjini Iringa mwaka 1972, ilihimiza kilimo cha maarifa. Hatuoni kwa nini bustani ya ofisi isamehewe.

Mahali nako kuna hesabu yake. Daudi iko kusini mwa Ikweta, hivyo jua la Juni hupita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini hupata jua mchana na kulirudisha usiku. Tena nyumba yenyewe huukinga mmea na kusi, upepo ule ule ambao mabaharia wetu waujua vyema. Mtelemko ni bora kuliko bonde. Samadi isitiwe baada ya Machi, kwa maana huleta machipukizi laini yatakayouawa na baridi. Kupogoa kungoje Agosti ipite.

Kwa ua wa boma, wenyeji wana mnyaa, ambao Wamaasai huuita emanyara, na inasemekana ndiko lilikotoka jina la mkoa huu ulioundwa mwaka 2002 kwa kugawanywa Arusha.

Mwaridi, kwa upande wake, hupenda ubaridi huo, na maua yake hudumu kuliko yale ya Mjini Unguja. Basi mgeni na apande waridi mlangoni. Mwasumini wake auweke katika debe, na usiku wa Juni auingize jikoni, karibu na mafiga.