Saratani na Mgonjwa wa Mwambao (3): Simu Hiyo ni ya Nani?

Juma lililopita nilieleza safari ya mgonjwa anayetoka Pangani au Mkinga kufuata mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300. Mwaka 2020, Korona ilipoingia, basi lenyewe likawa hatari. Dawa za saratani hupunguza chembechembe nyeupe za damu, na aliyetundikiwa dripu juzi hafai kubanana na abiria kutoka Segera hadi Chalinze.

Nchi nyingi zilihamishia kliniki kwenye simu. Wagonjwa wa huko walifurahi kupumzishwa safari, ila wengi waliukosa mkono wa daktari, maana uvimbe haupapasiki simuni. Kwetu nako, watafiti wa Ocean Road wamejaribu programu ya simu inayomuunganisha mgonjwa aliyerudi nyumbani na daktari bingwa pamoja na mhudumu wa afya wa karibu yake.

Mimi swali langu ni jingine: simu hiyo ni ya nani? Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mama wa makamo aliye nayo mara nyingi ana kitochi tu, au huazima simu ya mwanawe wa kiume. Atasemaje kwamba anatokwa na damu, kijana kamshikia simu, sauti imefunguliwa na majirani wako barazani? Atajibu, "Sijambo, mwanangu, alhamdulillahi." Na daktari ataandika kwamba hajambo.

Dawa yake naiona Muheza, ambako wauguzi wa tiba shufaa wamezoea kuwafuata wagonjwa majumbani. Muuguzi aliyekwisha kuketi mkekani na mama huyo anajua saa anayokuwa peke yake, na anajua kumuuliza maswali ya kujibiwa ndiyo au la, hata akiwa mbele za watu. Mofini ya maji, inayonywewa kila baada ya saa 4, hufuatiliwa vizuri kwa njia hiyo: maumivu yametulia? Choo kimefunga? Usiku umelala?

Homa ni jambo jingine. Ikifika nyuzi 38 katika siku zinazofuata dripu, usingoje kupigiwa wala kesho yake. Nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo, Bombo ikiwa uko Tanga mjini, na uwaambie mapokezi kabla ya yote kwamba unatumia dawa za saratani.